Msaipresi wa bustanini unakauka: dalili, chanzo, na mti wa kuweka mahali pake

Mche wa tatu ulipokauka kwenye shimo lilelile, mama mmoja wa Njiro, Arusha, aliuleta kitaluni kwangu ukiwa umefungwa kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga. Hakuja kuuliza dawa. Alisema, "Mwanangu, nipe mti mwingine, hawa wako wamenichosha." Nikamwomba twende kwake na jembe. Kina cha kama sentimita 40 tulikuta kisiki ambacho hata yeye hakujua kipo, kimeoza, na chini ya gome lake kuna utando mweupe kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Miche yangu mitatu haikuwa na kosa lolote. Tulikuwa tunaipanda juu ya ugonjwa uliokwisha kuua mti mmoja.

Ndiyo maana hapa naanza na dalili, na habari za mti mpya nitazifikia baadaye. Kilichoua mti wa zamani ndicho kinachoamua kama shimo lile bado linafaa, na kama linafaa, ni mti gani unaweza kusimama pale. Ninaowazungumzia ni misaipresi ya nyanda za juu, Arusha, Moshi, Lushoto, Limuru na kwingineko kwenye baridi, iwe umesimama peke yake kama pambo la mlangoni au umepandwa kwa mstari kuwa fensi.

Kwanza jua una msaipresi gani

Bustanini kuna aina mbili kubwa. Wa kijani kibichi chenye ukijivu, wenye matawi yanayoning'inia kidogo, kwa kawaida ni Cupressus lusitanica. Jina lake linamaanisha wa Ureno, lakini kwao hasa ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huu ndio unaopandwa kwenye mashamba ya mbao ya serikali. Wa pili ni ule wa njano, wa dhahabu, uliosimama kama mshumaa, ukiufikicha unanukia limau. Huo ni Cupressus macrocarpa, asili yake pwani ya Monterey, California.

Tofauti hii ina historia yake. Kenya ilipanda sana macrocarpa kwa mbao, mpaka ugonjwa wa vidonda vya gome ulipouharibu, na katikati ya karne ya 20 wataalamu wa misitu wakauacha na kuhamia kwenye lusitanica, unaostahimili zaidi. Kwa hiyo mti uliofukuzwa msituni kwa ugonjwa ndio tunaouuza leo kwa bei ya juu getini kwa sababu unang'aa. Nauuza hata mimi. Lakini mteja akiniambia wa kwanza ulikufa kwa vidonda, simpi wa pili.

Dalili ya 1: Unakuwa kahawia kuanzia ndani, mabaka mabaka, na una utelezi au masizi

Hii ndiyo ninayoletewa mara nyingi kuliko zote. Kabla ya kuogopa, panua matawi kwa mikono miwili uangalie ndani. Majani ya zamani yaliyo karibu na shina hukauka na kudondoka yenyewe kwa kukosa mwanga, na ncha zote zikiwa kijani huna tatizo. Kung'uta takataka, funga mkeka wako, endelea na mambo mengine.

Ukahawia ukifika nje, chanzo kinachoongoza ni vidukari wa msaipresi. Ni wadudu wa rangi ya kahawia na kijivu, wa milimita chache tu, wanaokaa kwa makundi kwenye vijitawi vilivyojificha. Walionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 walikuwa wameshavuka Tanzania na kuingia Kenya. Wanafyonza utomvu, na mate yao yana sumu kwa mti. Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu: wanaona wadudu wachache na tawi zima limekauka, wanadhani kuna jambo lingine. Wachache wanatosha.

Vipimo vya bure vifanye kwa mfuatano huu:

1. Tandika shuka jeupe au karatasi chini ya tawi, lipige tawi kwa fimbo mara tatu. Vinavyotembea kwenye shuka ndio wenyewe.
2. Gusa majani yaliyo chini ya baka. Yakinata vidoleni, hiyo ni asali ya vidukari, yaani kinyesi chao chenye sukari. Masizi meusi juu yake ni kuvu wanaoota kwenye sukari hiyo, nao hawaui mti.
3. Fuata sisimizi. Wakipanda shinani kwa mstari hawajaenda kutembea, wanakwenda kukamua.

Ukiwakuta mapema, maji ya mpira wa bustani yenye nguvu, asubuhi, siku tatu mfululizo, yanapunguza wengi. Kisha nyunyiza maji ya sabuni ya kipande au sabuni ya maji ya kawaida, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, uhakikishe yanaingia ndani kabisa ya matawi, kwa kuwa sabuni humuua yule tu iliyemgusa. Sabuni ya unga ya kufulia iache, inaunguza. Jaribu tawi moja, ngoja siku mbili, ndipo uendelee. Rudia kila wiki kwa wiki tatu au nne. Kwangu mimi wadudu hawa huzidi miezi ya baridi na ukavu, Juni hadi Septemba, kwa hiyo huanza kupiga shuka tangu Mei.

Dawa za dukani zinazopenya ndani ya mti zinafanya kazi, lakini nazitaja kwa kusitasita. Zinaua nyuki, na zinaua pia kile kinyigu kidogo kilicholetwa Malawi na Kenya miaka ya 1990 kiwawinde vidukari hawa. Ukilazimika, nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, soma lebo mpaka mwisho, na usiongeze kipimo kwa ajili ya hasira. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo usiinunue hata kwa bure.

Simama hapa: mti ukiwa umekuzidi urefu mara mbili, usipande ngazi na bomba la dawa mgongoni. Dawa inayonyunyizwa juu ya kichwa inamrudia mnyunyizaji usoni. Tafuta mtu mwenye vifaa.

Je, sehemu iliyokauka itachipua? Hapana. Msaipresi hautoi machipukizi kwenye mti mkavu usio na jani. Tundu litabaki tundu mpaka matawi ya jirani yalifunike. Likiwa robo ya mti, vumilia. Likizidi nusu, anza kufikiria kuung'oa. Habari njema ni kwamba vidukari hawaishi ardhini, kwa hiyo shimo lako ni salama, ila usirudishe humo ndugu wa msaipresi. Kwenye hili watu wananaswa sana: vitalu vinawapa tuya, au mtarakwa wetu wa asili kwa hoja kwamba "wa kienyeji hauugui". Vidukari hawa wanaula mtarakwa na tuya vilevile.

Dalili ya 2: Tawi moja limekufa ghafla, na kuna ulimbo unaotiririka

Mzee mmoja aliniambia, "Kijana, mti wangu unalia." Alikuwa sahihi. Kwenye gome kulikuwa na mchirizi wa ulimbo uliokauka mweupe kama nta ya mshumaa, na juu yake tawi zima lilikuwa jekundu la kutu.

Anza na jambo rahisi: tawi limevunjika? Upepo, watoto, mafundi wa paa waliofunga kamba, waya wa taa za Krismasi uliosahaulika mwaka wa pili na sasa umelikaba tawi. Huu wa mwisho nimekutana nao mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, mara moja kwangu mwenyewe.

Kama hakuna jeraha, fuata tawi lililokufa kurudi nyuma mpaka linapokutana na sehemu hai. Kwangua gome pale kwa kisu kikali, kidogo tu, ukubwa wa kucha. Gome lenye afya, chini yake ni jeupe lenye ukijani na lina unyevu. Ukikuta kahawia iliyodidimia, imepasuka kwa urefu na imezungukwa na ulimbo, hicho ni kidonda cha gome, kinacholetwa na kuvu wa jamii ya Seiridium. Kuvu hao huingia kupitia majeraha na husafiri kwa matone ya mvua, kwa wadudu, na kwa mkasi wako.

Hawana dawa ya kunyunyiza inayoponya. Tiba ni kukata. Subiri siku kavu, kata sentimita 10 hadi 15 ndani ya sehemu iliyo hai, na baada ya kila mkato, nasema kila mkato, futa mkasi kwa spiriti au uuchovye kwenye maji ya klorini, kipimo kimoja cha klorini kwa tisa vya maji. Ukimaliza usuuze na kuupaka mafuta, la sivyo klorini itaula. Matawi uliyokata yachome au yazike mbali. Usiyasage kuwa matandazo ya bustani hiyohiyo.

Nimeona mtunza bustani akipunguza fensi ya mita 50 kwa mkasi mmoja bila kuufuta, akianzia kwenye mti mgonjwa. Baada ya misimu miwili ungeweza kusoma njia aliyopita.

Kidonda kikiwa kwenye shina kuu na kimezunguka zaidi ya nusu, mti umeshakwisha hata kama juu bado kijani. Ung'oe kabla haujawaambukiza wenzake. Shimo linaweza kutumika tena ukishafagia matawi na majani yote. Mti wa njano usiurudishe.

Uwezekano wa tatu kwenye dalili hii ni mbawakawa anayetoboa shina, Oemida gahani, mwenyeji wa Afrika Mashariki. Anataga kwenye visiki vya matawi yaliyokatwa vibaya na kwenye mti mkavu, kisha viwavi wake wanakula kiini cha shina. Utaona matundu na unga wa mbao. Ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kubaki kijani huku ndani kumebaki bomba. Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini kwenda juu, usikilize sauti inapobadilika na kuwa kama ya ngoma.

Simama hapa: shina likilia kama ngoma na mti uko karibu na nyumba, njia ya watu au gari, usiupande na usiukate mwenyewe. Mti ulio tupu ndani hauanguki upande unaoutegemea.

Dalili ya 3: Mti wote unapauka na kukauka kwa pamoja, kisha wa jirani yake unafuata

Hapa tatizo liko chini, kwa hiyo shuka chini.

Mti wa chini ya miaka miwili mara nyingi una kiu. Chomeka kidole au kijiti sentimita 15 kando ya shina. Kama ni vumbi, umepata jibu. Watu wanamwagilia juujuu, maji yanalowesha nyasi, mizizi haipati kitu. Ndoo moja ya lita 20 polepole mara mbili kwa wiki inashinda kikombe kila jioni. Kinyume chake nacho kipo: udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji, mti unapauka kijani cha njano, na ukichimba unanusa harufu ya bwawa. Huo unahitaji mfereji, maji zaidi yataumaliza.

Papo hapo angalia kiriba, ule mfuko wa nailoni mche uliokuja nao. Mche ukitingishika kama jino bovu mwaka mmoja baada ya kupandwa, ufukue. Mara nyingi utakuta umepandwa na nailoni yake, mizizi inazunguka humo ndani kama nyaya kwenye mfuko wa fundi redio. Mti wa namna hiyo hauna ugonjwa wala hauna tiba.

Mchwa watatajwa tu, kwa sababu kila mtu huwalaumu. Kwenye msaipresi mkubwa mara nyingi wamekuja baada ya mti kudhoofika. Ukimwaga dawa ya mchwa na mti ukaendelea kufa, mchwa hawakuwa chanzo. Kwa miche michanga kwenye ukame ndiyo, wanaua kweli, wakikata gome pembeni ya usawa wa udongo.

Sasa kile kisiki cha Njiro. Ukiona mti mkubwa uliostawi unapauka ndani ya miezi michache, na mwaka unaofuata wa jirani, hasa kwenye kiwanja kilichokuwa msitu au shamba la miti ya zamani, shuku Armillaria, kuvu wa kuoza mizizi. Kipimo chake ni kimoja na hakidanganyi sana: fukua shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi, bandua gome kwa panga kiasi cha kiganja. Utando mweupe, mnene, unaobanduka kama karatasi, wenye harufu kali ya uyoga, ndio wenyewe. Msimu wa mvua huweza kutoa uyoga wa rangi ya asali kwa mashada kwenye kitako cha mti.

Kuvu hawa wanaishi kwenye visiki na mizizi iliyobaki ardhini kwa miaka mingi, na wanahamia mti mwingine mizizi inapogusana. Hakuna cha kunyunyiza. Kazi yenyewe ni hii, na ni nzito:

Ng'oa mti na kisiki chake. Fuata mizizi yote yenye unene wa kidole gumba au zaidi, uitoe, mpaka pale unapochoka na kisha mita moja zaidi. Choma yote. Chimba mtaro wa kina cha mita moja kati ya mgonjwa na wazima, ukate mizizi inayopita, na udongo unaotoa urushe upande wa mgonjwa. Shimo liache wazi lipigwe jua msimu mzima wa kiangazi.

Kisha usipande mti. Panda nyasi, maua ya msimu, mahindi au mchicha, miaka mitatu au minne, na kila ukilima okota vipande vya mizizi. Najua mtu aliyekuja kununua mti hataki kusikia habari za mchicha. Yule mama pia hakutaka. Lakini kuvu hawa hawachagui: msaipresi, mgrevilea, chai, kahawa, yote wanakula, na ukiniuliza mti wa pambo ambao nitaapa kuwa hautaguswa, sina.

Wakulima wa chai wana ujanja wa zamani unaofaa kuigwa. Kabla ya kukata mti mzima ulio kwenye eneo la hatari, humenya gome kuuzunguka na kuuacha ufe polepole ukiwa umesimama, ili wanga uliohifadhiwa kwenye mizizi uishe. Mizizi isiyo na wanga kuvu hawaifurahii. Ufanye kwa mti mdogo ulio mbali na watu tu, kwa sababu mti mfu uliosimama ni hatari yenyewe.

Simama hapa: miti mitatu au zaidi ikifa kwa mfuatano, beba kipande cha gome na mzizi kwenye mfuko wa karatasi upeleke kwa afisa misitu wa wilaya au kituo cha utafiti kilicho karibu. Usikate tena kitu kwa kubahatisha.

Dalili ya 4: Umekuwa kahawia upande mmoja, usawa wa goti

Ni mbwa. Au majivu ya jiko, maji ya kuoshea beseni la saruji, dawa ya kuua magugu iliyopeperuka, moto wa takataka uliowashwa karibu. Muulize anayeshinda nyumbani, kwa upole. Osha udongo kwa maji mengi, zungushia waya mfupi, ngoja. Hakuna cha kung'oa.

Dalili ya 5: Fensi yote imekuwa kahawia wiki chache baada ya kupunguzwa

Fundi amekata mpaka kwenye kuni. Nimeshasema msaipresi hauchipui hapo. Kama upana wa fensi unakula njia, ulitakiwa upunguzwe kidogo kidogo tangu mwanzo, mara mbili kwa mwaka, kila mara ukiacha kijani. Iliyoshakatwa hivyo, upande ule hauna matumaini, na hapa sioni aibu kusema ibadilishwe.

Kung'oa bila kuumia

Mti usiokuzidi urefu unaweza kuuangusha na msumeno wa mkono. Ukizidi mita tatu au nne, mwite fundi mwenye kamba, kofia ngumu na msaidizi. Fundi anayekuja peke yake na chensoo na kandambili mrudishe. Waya wa umeme ukipita karibu au ndani ya matawi, usiguse hata tawi la chini. TANESCO ndio wanaozima na kusafisha njia, na kusubiri wiki mbili kuna nafuu kuliko msiba. Ofisi ya mtaa pia ijue, hasa mti ukiwa mpakani au kando ya barabara. Kwa jirani, bisha hodi kabla ya chensoo kuwaka.

Kisiki king'olewe. Ukikiacha kwa sababu fundi ameomba nyongeza ya pesa, umebakiza nyumba ya wageni kwa kuvu na mchwa.

Mti wa kuweka mahali pake

Ukitaka kivuli na maua, mringaringa, Cordia africana, ndio chaguo langu la kwanza hapa Meru. Maua meupe yanafunika mti wote, nyuki wanajaa, na unakua haraka. Unahitaji nafasi, mita saba au nane kutoka ukutani, na hudondosha majani, kwa hiyo usiupande juu ya tangi la maji lisilo na mfuniko.

Kwenye nafasi nyembamba kuna Markhamia lutea, ambao Wahaya huuita omushambya na Waluo siala. Umesimama wima, maua ya njano kama tarumbeta, na ukiukata unachipua tena, jambo ambalo msaipresi hauwezi. Kama umezoea kijani cha mwaka mzima na hutaki majani mapana, panda podo. Nao ni wa jamii ya misonobari kwa mbali lakini si wa ukoo wa msaipresi, unakubali mkasi, ila unakua pole. Mteja mwenye haraka namkatisha tamaa mapema. Kwa pambo la mlangoni lisilozidi mita nne hivi, kalistemoni, ule wenye maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa, hausumbui.

Kwa fensi, mkaiyaba una miiba ambayo hata mbuzi hubadili mawazo, na Dodonaea viscosa hustahimili ukame na kukatwa. Duranta ni nzuri kwa macho, lakini matunda yake yana sumu, na nyumba yenye watoto wadogo siiuzii. Na usipande aina moja mita 40. Changanya mbili au tatu. Fensi ya aina moja hufa yote kwa pamoja.

Ukifika kitaluni, mwombe muuzaji autoe mche kwenye kiriba mbele yako. Mizizi ikizunguka kama kamba chini, achana nao hata kama juu umependeza. Mche wa nusu mita wenye mizizi iliyonyooka utaupita wa mita mbili baada ya miaka michache.

Chimba sentimita 60 kwa 60 kwa 60, udongo wa juu weka pembeni yake, wa chini pembeni yake. Changanya wa juu na samadi iliyooza vizuri. Ondoa nailoni. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi, kwa sababu ukiifukia kidogo tu umeanza ugonjwa mpya kwa mkono wako. Matandazo yakae kiganja kimoja mbali na shina. Panda masika yanapoanza, Machi au Aprili, au vuli ikishatulia.

Mama wa Njiro alilima mchicha kwenye lile shimo miaka mitatu, na tulitoa mizizi debe zima kidogo kidogo. Mwaka wa nne tulipanda mringaringa, mita mbili kando ya pale palipokuwa na kisiki. Mvua iliyopita alinipigia simu asubuhi na mapema kunieleza kwamba nyuki wamemzuia kuanika nguo.